Mshumaa Ulirudi Unawaka

Fundi Kina hakuwa mlevi. Nalisema hili mapema kwa sababu kila aliyemwona njiani jioni ile angekula yamini kwamba ni mlevi wa kutupwa. Kwa kawaida alikunywa bia mbili, Jumamosi moja katika mwezi, na rafiki yake wa siku zote, kisha akarudi kwake kwa miguu yake na kuvua viatu pale vinapovuliwa. Jumamosi ile alikunywa tano. Alifika saa kumi na moja, jua bado lina nguvu, suruali ina vumbi magotini na hakumbuki aliangukia wapi, akasimama nje ya mlango wake mwenyewe kama mtu aliyekuja kuomba kazi.

Kilichomsimamisha pale hakikuwa mkewe. Mkewe alikuwa mshonaji, anashona sare za shule katika chumba cha mbele, na mwanamke aliyeishi na mchimba visima miaka ishirini na sita ameshafua mambo mabaya kuliko harufu ya bia. Mabinti wao wawili walishaolewa na kuhamia kwao. Aliyemsimamisha ni mama mkwe wake, ambaye alikuwa anaishi nao tangu alipofiwa na mwanawe wa pekee wa kiume, miaka saba nyuma.

Mama mkwe alikuwa na kiti chake karibu na dirisha, na alikuwa na sharti moja. Hasemi na mtu aliyekunywa. Hagombi wala hatukani. Anageuza kiti tu, anautazama ukuta, na hageuki mpaka kesho yake. Aliwahi kumgeuzia kiti fundi bomba aliyekuja kurekebisha mfereji, na fundi wa watu akamaliza kazi yote akizungumza na kisogo. Majirani walilichekea sharti lile. Ndani ya nyumba hakuna aliyecheka, kwa sababu wote walijua lilianza siku gani.

Lilianza siku ya mazishi ya mwanawe. Watu walimwita Sindano, kwa wembamba wake. Alikuwa anaingia kwenye shimo ambalo mtu mwingine angekwama mabega. Alikuwa shemeji yake Fundi Kina na mchimbaji wake, na alipenda chupa, hilo halikuwa siri. Lakini miezi miwili kabla ya kufa alimwapia mama yake kwamba ameacha. Kisha akafa kazini, ndani ya kisima, kwenye maji yasiyofika magoti. Kaburini mama yake alimvuta Fundi Kina pembeni, akamuuliza swali moja tu: alikuwa amekunywa? Fundi Kina akajibu, "Ndiyo, mama." Toka siku ile bibi yule hakulitaja tena jina la mwanawe, picha yake akaitia ndani ya sanduku chini ya nguo za baridi, na mwana akabaki amekufa mara mbili katika nyumba moja.

Na Fundi Kina hakuwa amesema uongo. Alisema alichokijua. Mchana ule, kwenye bia ya tatu, ndipo alipoambiwa kwamba alichokijua hakikuwa kweli.

Aliyemwambia ni Kapi. Kapi ni lile gurudumu la chuma ambalo kamba hupita juu yake mdomoni mwa kisima, na rafiki huyu alipewa jina hilo kwa kuwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa kusimama hapo na kuvuta. Sasa alishaacha visima, alikuwa analinda stoo ya kampuni moja ya pampu. Wiki tatu nyuma wafanyakazi waliitwa kwenye semina ya usalama kazini, na Kapi alienda kwa ajili ya soda, kama wenzake wote. Mwalimu alikuwa kijana mwenye kalamu nne mfukoni. Kijana yule akaeleza kwamba ndani ya moshi wa injini ya petroli kuna hewa isiyo na rangi wala harufu, yenye sumu ya mauti. Ukiivuta, kichwa kinauma, miguu inalegea, ulimi unakuwa mzito, na wengine hucheka ovyo. Ukimwona mtu huyo, alisema, utadhani amelewa. Kapi akaomba ruhusa, akaenda kutapika nyuma ya stoo.

"Tulishusha mshumaa," Fundi Kina alimwambia pale baa. "Wewe mwenyewe uliuona. Ulirudi unawaka."

"Ndiyo ninachokwambia, ndugu yangu. Hewa ile haizimi mshumaa. Inaua mtu, na mshumaa unawaka."

Hapo lazima nieleze. Kabla mtu hajashuka kisimani, mshumaa hushushwa kwanza ndani ya ndoo. Ukizimika, hewa ni mbaya, hakuna anayeshuka. Ukirudi unawaka, shuka. Fundi Kina alifundishwa hivyo na baba yake mdogo, naye amewafundisha wengine, na mshumaa ule umeokoa watu wengi. Lakini baba yake mdogo alichimba enzi za jembe na ndoo. Siku ile wao walikuwa wanakiongeza kina kisima cha zamani chenye maji machafu, mpira wa pampu wa kunyonyea maji ulikuwa mfupi, kwa hiyo wakaishusha pampu yenyewe ya petroli mle ndani, wakaisimamisha juu ya ubao, ikanguruma humo tangu alfajiri. Walipoipandisha wakavuta sigara moja kwa zamu, wakashusha mshumaa, wakamshusha Sindano.

"Tulisema amelewa," Fundi Kina akanong'ona.

"Ulisema wewe," Kapi akajibu, bila ubaya wowote. "Mimi nilinyamaza tu."

Bia ya nne na ya tano hazikunywewa kwa hamu. Kapi alilia kidogo, akajipangusa kwa kofia yake ya ulinzi, akasema amekaa na jambo hili wiki tatu na kila akilala anaona akifa nalo Sindano atamsubiri mlangoni. Kisha akaondoka kuwahi zamu yake, akiwa amepungukiwa mzigo kwa sababu ameugawa. Ndivyo walivyo marafiki wa kweli. Hawakuachi nyuma, hata pale ambapo ungependa kuachwa.

Sasa mtu huyu alikuwa mlangoni kwake na hesabu yake ilikuwa hivi. Lazima amwambie mama mkwe kwamba mwanawe hakuwa amekunywa, kwamba alikishika kiapo. Lazima aseme leo, bia zikiwa bado zinamshika mkono, kwa maana alijifahamu: kesho akiamka na kichwa chake cha kawaida atapata sababu ya kungoja Jumatatu, na Jumatatu hiyo itachukua miaka saba mingine. Lakini akisema leo atanuka, naye bibi hasikilizi mtu anayenuka. Alitamani kucheka. Hakucheka, kwa sababu kucheka ni jambo aliloliogopa.

Akaingia. Mama mkwe alikuwa anamenya viazi, beseni mapajani. Alimwangalia mara moja, akavuta pumzi kwa pua, akaweka kisu chini, akasogeza beseni, akainuka na kukigeuza kiti. Akakaa. Akaendelea kumenya akiutazama ukuta. Kule mezani mkewe aliinua macho kutoka kwenye cherehani, akamtazama toka magotini mpaka usoni, akasema, "Leo umeamua," na kukanyaga tena.

Fundi Kina akaenda bafuni kupiga mswaki. Alipiga mara mbili, akatafuna na dawa yenyewe, mpaka mdomo ukanuka bia yenye mnanaa. Kwenye sakafu ya bafu lile tundu la maji lilikuwa limefunikwa kigae. Alilifunika yeye, miaka saba nyuma. Mkewe alidhani ni kwa ajili ya mende, naye alimwacha adhani hivyo, kwa sababu mwanamume wa makamo hawezi kumwambia mkewe kwamba anasikia mtu akicheka ndani ya mfereji. Kila palipokuwa na shimo lenye giza na unyevu, alisikia. Sinki, tanki, hata birika likiwa tupu. Hakikuwa kicheko cha kutisha. Kilikuwa kicheko cha shemeji yake, kizito, kinachoburuta miguu, kama siku ile.

Na siku ile kulikuwa na jambo jingine, ambalo Kapi hakulitaja baa kwa sababu halikuhitaji kutajwa. Siri ya mtungi aijuaye kata.

Mtu aliye chini ya kisima hasemi na walio juu kwa mdomo, maana shimo huyavuruga maneno. Husema kwa kamba. Mvuto mmoja ni ndoo. Miwili, subirini. Mitatu, nitoeni. Na mitatu haina mjadala. Hata ukidhani mwenzako anatania, unamvuta kwanza, unamtukana baadaye. Fundi Kina ndiye aliyekuwa akiwafokea vijana kuhusu sheria hiyo. Sindano alipokuwa chini nusu saa walimsikia anacheka na kuongea maneno yasiyoshikana, wakatazamana. Kisha kamba ikavutwa mara tatu. Kapi akaanza kuvuta. Fundi Kina akaweka mkono juu ya kamba. Mwenye kisima alikuwa njiani anakuja kukagua kazi, na aibu ya kumtoa shimoni mtu aliyelewa saa nne asubuhi, tena shemeji yake, ilimchoma. Akasema, "Mwache. Zimtoke kwanza."

Kamba ikavutwa tena mara tatu, kwa ulegevu. Fundi Kina akainama akapiga kelele shimoni: akae huko huko, mlevi yeye. Kicheko kikajibu. Baada ya muda ukaja mvuto mmoja tu. Mmoja ni ndoo, nao wakashusha ndoo. Ikarudi tupu. Kapi aliposhuka kumfunga kamba, mwenyewe alipanda akiyumba na kichwa kinamuuma siku mbili, na watu wakasema ni majonzi.

Miaka saba Fundi Kina alijiambia kwamba alimwadhibu mlevi na Mungu akazidisha adhabu. Ilikuwa dhambi, lakini dhambi ya kubebeka. Sasa alisimama bafuni na mswaki mdomoni, akijua kwamba hakukuwa na mlevi. Kulikuwa na mtu mzima mwenye akili zake aliyeomba kutolewa, kwa sheria, mara mbili. Akashika ukingo wa sinki. Ndani ya sinki palikuwa kimya, na kimya kile kilimwogopesha kuliko kicheko.

Akatoka, akachukua kigoda, akakaa nyuma ya kiti cha mama mkwe, mbali kidogo kwa adabu. Akazungumza na kisogo, kama yule fundi bomba.

Alieleza polepole, neno kwa neno, kwa sababu ulimi ulikuwa mzito na hakutaka hata herufi moja iyumbe. Alieleza pampu, mpira mfupi, ubao, moshi. Alieleza mshumaa. Alieleza kijana mwenye kalamu nne, na alivyosema kwamba mtu huonekana kama amelewa. Cherehani ilikuwa imenyamaza. Kisu kiliendelea kumenya, kikapunguza mwendo, kikasimama katikati ya kiazi.

"Rudia," mama mkwe akasema. Hakugeuka, lakini alisema, na hilo peke yake lilikuwa halijapata kutokea.

"Hakuwa amekunywa, mama. Hata tone."

"Wewe ndiye uliyeniambia amekunywa."

"Niliona hivyo. Nilikosea. Ni moshi uliomlegeza, na pampu niliishusha mimi."

Ganda la kiazi lilining'inia kwenye kisu cha mama mkwe. Kisha akainuka, akakishika kiti kwa mikono miwili, akakigeuza, akakaa uso kwa uso na mtu anayenuka bia, na machozi yalikuwa yanamteremka bila sauti.

"Basi kiapo alikishika," akasema.

"Alikishika."

"Miaka saba nimemnunia marehemu." Akajipangusa kwa upande wa kanga. "Mwanangu amelala kaburini ameshika neno lake, na mimi huku nimemgeuzia kiti."

Fundi Kina alifungua mdomo. Yaliyobaki yalikuwa pale pale nyuma ya meno, yanasubiri tu. Lakini bibi alinyoosha mkono, akauweka kichwani mwake, mkono wenye maji ya viazi, akamwambia pole. Akamwambia angeweza kunyamaza na nani angejua? Akasema mtu wa kuja kujishitaki mwenyewe kwa mama mkwe ni mtu aliyelelewa vizuri, na pampu ni ajali, na hakuna aliyejua, na kuanzia leo yeye hana mkwe humu ndani, ana mwana. Pole ile ilimkaa kichwani kwa uzito, akashindwa kusema.

Na nyumba ikafunguka. Hakuna neno jingine. Jina ambalo lilikuwa halitamkwi likatamkwa mara ishirini katika robo saa. Sanduku likavutwa, nguo za baridi zikatupwa kitandani, picha ikatoka: Sindano mwenye miaka ishirini, shati la kuazima, masikio kama vishikio vya sufuria. Mama akakumbuka jinsi alivyopita katikati ya nondo za dirisha la jikoni akiwa mkubwa wa kuoa, akaiba maandazi ya wageni, kisha akashindwa kutoka kwa sababu ameshiba. Mshonaji naye akakumbuka, akaongezea kwamba ilibidi apakwe mafuta ya kupikia. Mama mkwe akacheka.

Hakuwa amecheka miaka saba. Fundi Kina alikuwa amesahau kicheko chake, kama aliwahi kukijua. Kilikuwa kizito, cha kuburuta, kinapanda kutoka chini kabisa. Kilikuwa kile kile. Sindano alikirithi kwa mama yake, na sasa hakikuwa tena ndani ya bomba wala chini ya kigae. Kilikuwa sebuleni, kwenye kiti karibu na dirisha, na kitakuwa hapo asubuhi na jioni. Vinyweleo vilimsimama mikononi, akatabasamu kwa kuwa wote walikuwa wanatabasamu.

"Baba watoto," mkewe akamwita kutoka mlango wa uani, "njoo unishikie nguo."

Akamfuata. Jua lilikuwa linashuka nyuma ya kuta za jirani, mashuka yalikuwa yamekauka kambani. Mkewe alianua moja, akampa ncha mbili, wakasimama mbalimbali kulikunja kama walivyofanya mara elfu. Huyu alikuwa mke wa mchimbaji na dada wa mchimbaji. Hakuwahi kushika kamba ya kisima maishani mwake, lakini aliisikia mezani kila siku.

"Alivuta?" akauliza kwa sauti ya chini.

Angeweza kusema hapana. Alifikiria. Aliangalia uso wa mkewe juu ya shuka jeupe na akaona kwamba jibu analo, anataka tu kuona kama naye atapewa nusu.

"Alivuta."

"Ngapi?"

"Tatu."

Akaja na ncha zake mpaka zikakutana na za mumewe, akazichukua, akainama kushika kunjo la chini. "Mkamtoa?"

"Nilimzuia Kapi. Nilidhani amelewa. Alivuta tena, nikamzuia tena."

Mkewe alimaliza kukunja. Aliliweka shuka kwenye beseni, akalilaza kwa kiganja, akapapasa mikunjo ambayo haikuwepo. Fundi Kina alisubiri kipigo, au kilio, na angeshukuru kwa chochote. Kutoka ndani walisikia sanduku likisukumwa na bibi akijisemesha mwenyewe kwa furaha.

"Nataka kumwambia," akasema. "Nilitaka pale pale, akanishika kichwa."

"Najua unataka. Unataka kuutua." Aliongea polepole, bila kumtazama. "Umemrudishia mwanawe leo. Sasa umwambie aliomba kutoka ukamkatalia, afe tena mbele ya macho yake, ili wewe ulale usingizi? Hapana. Huyo mama ana miaka sabini na nne. Atakufa akijua mwanawe alikuwa mzima na mkwewe ni mtu mwema."

"Na wewe?"

"Mimi umeshaniambia." Alianua shuka la pili, akampa ncha mbili. Alilivuta likanyooka. "Mimi sitakuacha, kama ndiyo unauliza. Wala usiniulize kitu kingine leo."

Wakakunja la pili. Wakati zile ncha zinakutana hakumgusa vidole.

"Mwanangu!" mama mkwe aliita kutoka ndani. Alikuwa na kicheko bado kooni. "Njoo na nyundo, mwanangu, uniwekee huyu ukutani. Hapa mbele, tumwone wakati wa kula."

Fundi Kina hakusogea. Alikuwa ameshika shuka kifuani kwa mikono miwili. Mkewe alimwondolea shuka, akalitia kwenye beseni.

"Nenda," akasema. "Unaitwa."

"Mwanangu?"

"Naam, mama," Fundi Kina akaitika, akaenda kutafuta nyundo.